Mwimbaji wa Kiu Kali

Uongo waliokubaliana ulikuwa mfupi na safi: Mutanu na Muema walikutana kwenye kwaya ya kanisa, Masii, Kenya, mwaka wa themanini na nne, yeye akiimba sauti ya kwanza na Muema akipanga mabenchi. Kanisa lenyewe lilikuwapo, hilo hawakudanganya. Lilitazamana na baa ya Tulia. Ndani ya baa hiyo ndimo walimokutana kweli, Mutanu akiwa juu ya jukwaa la makreti ya bia, amevaa sketi ambayo leo asingemvisha hata mwanasesere, na Muema nyuma yake akipiga gitaa la besi huku akiichunguza ile sketi kwa makini kuliko nyuzi zake.

Kwa miaka arobaini uongo huo uliwatumikia vizuri. Uliwalea watoto. Ulipanda nao ndege kuja Sydney kwa binti yao Ndinda, nesi, ukaketi nao kila Jumapili katika kanisa la Waswahili pale Merrylands. Huko Mutanu alipanda ngazi polepole, leo mweka chai, kesho msoma matangazo, hadi kina mama wakawa tayari kumchagua mwenyekiti wao Jumapili inayofuata. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Mama Chibalonza wa Bukavu, mwenye kazi katika makao ya wazee na mwenye jicho la kuona vumbi kwenye nafsi ya mtu. Mwezi uliopita aliwahubiria kina mama juu ya mwanamke wa baa, aliye mlango wa kuzimu. Mutanu aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Na kiti hicho alikitaka. Tusimfanye malaika. Tangu afike nchi hii alikuwa mama yake Ndinda, bibi wa kuwapeleka wajukuu shuleni, mtu wa kuambiwa "Shosh, we're late" na kusukumwa kwenye gari. Mwenyekiti akisimama, watu hunyamaza. Mutanu alikuwa hajanyamaziwa na mtu tangu Masii.

Basi kila kitu kingekwenda sawa kama Muema asingekutana na Dieudonné.

Walikutana dukani Granville, Dieudonné akinusa samaki wakavu mmoja mmoja kama daktari. Zamani hizo alikuwa mpiga gitaa la solo wa Kiu Kali, bendi ya Tulia, mmoja wa wale Wakongo waliozagaa Kenya na gitaa mgongoni wakapokelewa kila baa kama wakwe. Baadaye alirudi kwao, vita vikamtoa, kambi ikamweka, Australia ikampokea, na maghala ya Port Botany yakamaliza mgongo wake. Wazee hao wawili walikumbatiana katikati ya duka wakalia, na Muema, ambaye furaha humtoa akili, akamwalika kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka sabini. Wageni wote walikuwa watu wa kanisa.

Mutanu alimwita Dieudonné kando wiki hiyohiyo. "Shemeji, mimi sikuwahi kuimba. Umesikia? Hunijui."

"Shemeji, nikisema, Mungu anikate ulimi," Dieudonné aliapa, mkono juu ya Biblia ya Kifaransa. "Miye ni kaburi."

Jumamosi ilipofika, uwanja wa nyuma ya nyumba ulijaa. Soseji zilikuwa zikikaangika kwenye barbikyu, kina mama wamekaa chini ya hema na vitenge vyao vya sare, na Mchungaji Niyonzima, Mrundi mpole anayependa kula, alikuwa na sahani ya pili mkononi. Mutanu alibaki jikoni akikata kachumbari karibu na dirisha lililo wazi. Alisema ni kwa sababu ya kazi. Kweli ni kwamba hakuliamini lile kaburi.

Kila mwanamuziki mzee ana hadithi nne, na huzisimulia kana kwamba zote zilitokea usiku mmoja. Muema na Dieudonné walizianza kabla soseji hazijaiva; mwanamume kupita baa ni ujana tu, kanisa humcheka na kumsamehe. Walisimulia jinsi waya wa gitaa ulivyokatika wakaweka waya wa breki ya baiskeli, na mwenye baiskeli akaenda zake mteremkoni bila kujua. Naibu chifu alilala mguu ukiwa ndani ya ngoma, nao wakapiga hadi asubuhi wasimwamshe. Mwanamke mmoja alikuja na mwiko kumtafuta mumewe, akamkosa, akacheza hadi mume akaja kumtafuta yeye. Akilimali, mpiga ngoma wa kanisa, ambaye enzi hizohizo alipiga kwenye baa za Uvira, alidai hayo yote yalitokea Uvira pia, tena vibaya zaidi. Hata Mchungaji alicheka mpaka akamwaga mchuzi.

Ndipo Mama Chibalonza akauliza, kwa sauti tamu, "Na nani alikuwaka anaimba?"

Kisu cha Mutanu kikasimama juu ya kitunguu.

"Tulikuwaka na mwimbaji mumoja," Dieudonné alisema. "Mwanaume. Mufupi, na tumbo kubwa hivi. Na meno yake, ah, vraiment, Mungu alimusahau."

"Aliitwa Musembi," Muema aliongeza haraka.

Mutanu alishusha pumzi. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaume mwenye kitambi, hakuna atakayedhani. Wangeishia hapo, angewabariki.

"Aliimba vizuri?" Chibalonza akauliza.

"Musembi?" Dieudonné alicheka. "Sauti kama mbuzi wanamukaba shingo. Watu walikuja kusikia gitaa yangu, Mama. Yeye walimuvumilia tu."

"Kabisa," Muema akasema, mume wa mtu, baba wa watoto wake. "Sisi ndio tulimbeba."

Watu wakacheka. Jikoni, kile kitunguu kilikatwa vipande ambavyo hakuna kachumbari inayovihitaji.

Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu. Kiu Kali haikurekodi hata wimbo mmoja. Mwenye baa aliogopa kwamba wakifika Nairobi hawatarudi, kwa hiyo hakuwaruhusu kwenda. Hakuna kaseti, hakuna santuri, hakuna redio iliyowahi kuipiga sauti yake. Sauti ya Mutanu ilikuwa imebaki mahali pawili tu duniani, yaani ndani ya vichwa vya wazee hawa wawili, na sasa walikuwa wakiitoa humo kwa kucheka na kuweka mbuzi. Kuficha alikubali. Kutukanwa hakukuwa kwenye mapatano.

"Wacha wapige basi tuone!" mtu alipaza sauti. Akilimali alikuwa amekuja na ngoma za kanisa, bila kumwomba yeyote ruhusa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukataa. Dieudonné alitoa gitaa lake. Muema akaiunga besi aliyonunuliwa na Ndinda kama zawadi. Wakaanza.

Mutanu alikuwa amejiandaa kuwadharau. Lakini gitaa la Dieudonné lilipoingia, lile lile, jepesi, la kuchokoza, alijikuta ameweka kisu chini pale kwenye sinki. Wazee hawa walikuwa wamesahau majina ya wajukuu wao, ila vidole havikusahau chochote. Wakapita ubeti wa kwanza bila mwimbaji, wakapita kibwagizo, wakaingia kwenye sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo gitaa huchemka na watu hucheza. Kina mama walisimama mmoja mmoja. Walicheza kwa Bwana, walisema, lakini viuno havikuwa na habari hiyo.

Sebene likaenda. Likaenda tena. Wachezaji wakajifuta jasho, wakapiga makofi ya kumalizia, na sebene likawapita likaendelea. Mutanu alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote, akashika ukingo wa sinki.

Hawakujua kumaliza.

Kiu Kali ilikuwa na sheria moja. Wimbo haukuwa na urefu. Maadamu watu wananunua, sebene linaendelea, na aliyejua kama wananunua ni mwimbaji, kwa sababu ndiye aliyeitazama kaunta. Wapigaji waliinamia vyombo vyao. Mwimbaji akiona chupa zimelala, hupiga kisigino mara mbili, huita mwito wake, na bendi hukata papo hapo kama imezimwa. Aliyekata kabla ya mwito alilala njaa, na kesho yake alisimuliwa soko zima.

Mtu mwenye akili angesema, si waache tu? Mtu mwenye akili hajawahi kupiga muziki. Muema alikuwa akimngoja Dieudonné aache. Dieudonné alikuwa akimngoja Muema. Akilimali, asiyeijua sheria ya watu wa Masii, aliwangoja wote wawili na kutaja jina la Yesu kila mzunguko. Na kila Dieudonné alipoishiwa pumzi, shingo yake iligeuka yenyewe upande wa kushoto, mahali pa mwimbaji, kutafuta ishara. Mahali hapo alikuwa amesimama Mchungaji Niyonzima na sahani yake. Mchungaji alidhani anaombwa acheze. Akacheza. Akatazamwa tena, akaongeza. Kufikia mzunguko wa kumi na kitu alikuwa amechuchumaa karibu na ardhi, sahani juu ya kichwa, na kanisa lote likimshangilia.

Mutanu alicheka hadi machozi. Kisha akamtazama mumewe, na kicheko kikakatika.

Muema alikuwa amebadilika rangi ya midomo. Mwaka jana walimwekea kifaa moyoni, akaambiwa asijichoshe. Sasa jasho lilikuwa likimtiririka kidevuni, mkono wa kushoto unatetemeka kwenye shingo ya besi, na bado ng'ombe yule alikuwa akipiga. Angekufa papo hapo mbele ya keki yake, kwa sababu mbuzi Musembi hakuja kumruhusu apumzike.

Mutanu aliogopa kwelikweli. Angeweza kupiga kelele "Acheni!" kama mke yeyote. Alipiga. Hakuna aliyesikia. Walikuwa wameinamia vyombo vyao, na masikio yao yalikuwa yakingoja kitu kimoja tu. Mutanu aliwaona kina mama wake, aliona kile kiti cha Jumapili, aliona Chibalonza akipiga makofi nje ya mdundo. Akafuta mikono kwenye aproni, akatoka.

Alipanda sakafu ya mbao nyuma ya nyumba. Kisigino kikashuka mara mbili, mbao zikaitika, na sauti ikatoka kifuani mwake ikiwa nzima, haina hata kutu:

"Mwenye mke aende kwake! Asiye na mke anunue!"

Bendi ikakata. Noti moja haikubaki hewani. Soseji peke yake ndizo zilizoendelea kukaangika, na Mchungaji alibaki amechuchumaa na sahani kichwani.

Muema alianguka kwenye kiti, akivuta hewa, hai. Mtu akamletea maji. Na jambo la kwanza alilofanya na pumzi zake, maskini, lilikuwa kumtetea mkewe. "Redio," alisema. "Ameusikia redioni. Zamani ulikuwa unapigwa sana redioni, ule wimbo."

Mama Chibalonza alikuwa ameshakaribia, macho yake yakitoka kwa Mutanu hadi kwa bendi, kutoka bendi hadi kwa Mutanu. "Redio gani inafundisha mtu kisigino?" akauliza. "Na hawa wazee wanatii redio?"

Mlango ulikuwa bado wazi. Mutanu angecheka tu, angesema mambo ya utotoni, na nusu ya kina mama wangemwamini kwa sababu walitaka kumwamini. Muema alimtazama na kutikisa kichwa taratibu, akimsihi apite mlangoni humo.

"Baba Ndinda, nyamaza," Mutanu alisema. "Hakukuwa na redio yoyote. Ni mimi niliyeimba. Miaka minne, baa ya Tulia, kila Ijumaa na Jumamosi. Kwaya sikuwahi kuingia hata siku moja. Na sikuwa na kitambi."

Hema zima lilinyamaza. Kilikuwa kimya kilekile alichokitaka kwenye kiti cha mwenyekiti, lakini kilikuwa kimekuja kwa njia ya uani.

"Shemeji, miye sikusema kitu," Dieudonné alinong'ona.

"Wewe ulisema mbuzi."

Dieudonné alitazama viatu vyake. "Ilikuwa uongo," alisema, safari hii kwa sauti ya watu wote kusikia. "Gitaa yangu peke yake, watu walikuwaka wanakunywa na wanaenda kulala. Yeye akiimba, hakuna mutu alienda. Hata bibi mwenye mwiko, ni yeye alimubakisha."

Mutanu hakutegemea kwamba maneno hayo yangemgonga namna ile. Alijifuta uso kwa aproni haraka, Chibalonza asione.

"Donc, Jumapili," Chibalonza alianza, polepole, "kuhusu mambo ya kiti..."

"Kichukue, Mama Chibalonza. Utakiweza." Ilimuuma, usidhani haikumuuma. Alikuwa amekiota kiti kile mwaka mzima, hadi alishachagua kilemba. "Kura yangu pia nakupa. Lakini leo ni sherehe ya mume wangu, na huu wimbo una maneno ambayo hamjayasikia."

"Maneno mabaya?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma, kwa hamu isiyofichika.

"Mabaya sana."

Hakuna aliyeondoka. Mama Chibalonza mwenyewe alivuta kiti cha plastiki akaketi mstari wa mbele, mkoba magotini, ili ayasikie yote vizuri kabla ya kuyakataa.

"Wewe upige ukiwa umekaa hapohapo," Mutanu alimwambia Muema. "Ukisimama nakufukuza kwenye bendi. Akilimali, polepole. Shemeji, anzia ubeti wa pili."

Alivua aproni. Halafu akatembea hadi upande wa kushoto wa gitaa, akangoja kidogo, akainama kwa heshima.

"Mchungaji," alisema, "samahani, umesimama mahali pangu."

Mchungaji akajitahidi kuinuka, akasogea.