Mikimbio Thelathini na Tisa

Afrika Kusini walipoichapa Australia kule Uingereza na kubeba ubingwa wa dunia wa kriketi, Juni mwaka 2025, Wanzala aliruka kitini nyumbani kwake Amalemba kama mtu aliyeumwa na siafu. Miaka ishirini na saba timu ile ilikuwa ikifika mlangoni na kuanguka kizingitini. Akashika simu ampigie Ismail, kisha akakumbuka kwamba hawasemezani, akaketi tena.

Utamu wa mchezo ni kuusimulia, na kriketi mjini Kakamega utamsimulia nani? Majirani wote ni watu wa kandanda. Ismail ndiye aliyekuwa mwenzake tangu ujana wao kiwandani Mumias, walipokuwa wakiwaokotea wahandisi wa Kihindi mipira iliyopotelea kwenye miwa, mpaka wakaupenda mchezo kuliko wenyewe. Mwaka 2003, kwenye Kombe la Dunia, Kenya ilipoilaza Sri Lanka pale Nairobi, wawili hao walicheza isukuti bila ngoma. New Zealand nao walikataa kuja kwa kuhofia usalama, tukapewa alama za bure, tukazila bila haya. Tukafika nusu fainali. Tulikuwa watu, jamani.

Leo je? India haikamatiki. Waafghani, ambao mwaka ule hakuna aliyewataja, nao wamefika nusu fainali. Kenya iko huko chini inahangaika na timu ambazo Wanzala hulazimika kutafuta nchi zao kwenye ramani. Jambo hilo lilimuuma, na mwenye kidonda ukimgusa hachagui maneno.

Aliguswa Juni 2024. Uganda, jirani wa hapo Busia tu, ilikwenda Kombe la Dunia, sisi tukabaki nyumbani. Ilipoishinda Papua New Guinea, Ismail, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Mbale ya Uganda, alimpigia akicheka kwa furaha. Wanzala akanuna. Siku tatu baadaye West Indies wakawatoa Waganda wote kwa mikimbio thelathini na tisa tu, alama za aibu katika mchezo huo, naye Wanzala, kwa wivu mtupu, akaandika ujumbe: "39. Rudi kwa wajomba zako ukawafundishe kushika gongo." Hakujibiwa. Mwaka ukapita.

"Mama Tracy," akamwambia mkewe, Dinah, jioni ile ya ushindi wa Afrika Kusini, "kesho nataka kuku. Nimwite Ismail."

"Umwite kwa mdomo wako," Dinah akasema. "Hivyo vidole vyako ndivyo vilituponza."

Ismail alikuja Jumapili, amevaa kofia yake nyeupe, amekonda. Alimchinja kuku yeye mwenyewe kama zamani, ili wote wale kwa amani. Lakini hakutania, na Wanzala alipoanza habari za Afrika Kusini aliitikia tu, "Nilisikia."

Dinah akaandaa obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Firigisi aliiweka mbele ya mumewe, maana kwetu huku firigisi ni ya mwenye nyumba, na zimewahi kuvunjika ndoa kwa sababu yake. Wanzala akaiinua, akaiweka kwenye sahani ya Ismail. Dinah alibaki na upawa mkononi.

"Nilikukosea," Wanzala akasema. "Wale ni wajomba zako. Nilikuwa na wivu."

Ismail akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani.

"Ujumbe wako ulinipata Mbale," akasema. "Nilikuwa huko huko kwa wajomba. Mama alikufa usiku, asubuhi hiyo tunamzika. Nikaona jina lako kwa simu nikasema, Wanzala amesikia, ananipa pole."

Dinah akakaa chini. Wanzala alitaka kusema kwamba hakujua, lakini aliona aibu hata kulitamka. Kwetu mtu husamehewa mengi. Kutomzikia rafiki mama yake si mojawapo.

"Alikuwanga anakuuliza," Ismail akaendelea. "Kila nikiendanga kumuona: yule rafiki yako wa mpira wa Wahindi, hajambo?"

Machozi yakamtoka Wanzala, wala hakuyafuta.

Ismail akaisukuma sahani taratibu mpaka katikati ya meza. "Hii siwezi kula, ndugu yangu. Si kwa hasira. Twende kwanza ukamsalimu pale alipolala. Tukirudi, Mama Tracy atatupikia ingine."

Firigisi ikapoa pale katikati, hakuna aliyeigusa.

"Tutoke saa ngapi?" Wanzala akauliza.