Jumamosi Dalali Alipofungwa Mdomo

Duane Plucinski alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe kaskazini mwa Ohio, na koo lake lilijulikana kaunti nzima. Akinadi fahali, watu wa Toledo walifunga madirisha. Kuna mkulima mmoja wa Michigan aliyekuwa zake shambani, akainua mkono kujikuna kisogo, na kesho yake akaletewa mitamba sita nyumbani. Alilipa bila ubishi. Alisema sauti aliisikia vizuri, na mkono aliuinua kweli.

Tatizo ni kwamba Jumamosi koo hilo halikupumzika, lilihamia uwanja wa mpira. Binti yake Greta, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa beki wa kati wa Korongo, klabu ya wasichana inayozunguka jimbo hadi jimbo kutafuta macho ya makocha wa vyuo. Na Duane, akiwa kwenye kiti chake cha kukunja, alimchezea kila mpira.

"Greta, shuka! Mbane huyo, mbane! Toa, toa, toa!"

Msichana alikuwa na mbio, ana kichwa kigumu kama nyundo, lakini kabla ya kugusa mpira ilikuwa lazima ageuze shingo amtazame baba.

Ijumaa, mazoezi yalipokwisha, Kocha Marisol aliwaita Duane na mkewe Corinne nyuma ya goli.

"Kesho anakuja Halvorsen, kocha wa Chuo Kikuu cha Lakemoor," alisema. "Amebakiza nafasi moja ya beki wa kati, na ufadhili wa masomo juu yake. Akiondoka kesho bila Greta, kwa mwaka huu sioni mlango mwingine."

"Si Greta huyo! Aje amchukue!"

"Duane, wawili wameshakuja wakaondoka. Unajua wa mwisho aliniambia nini? 'Mtoto mzuri sana. Bahati mbaya ubongo wake umekaa nje ya uwanja, umevaa kofia, unatafuna karanga.'"

Duane alivua kofia taratibu, kama iliyomchoma.

"Mpira nimemfundisha mimi, Kocha."

"Ulimfundisha, sikatai. Siku hizi unamchezea."

"Na kesho ni Jumamosi ya Kimya," Corinne akadakia. "Mungu ametukumbuka, mume wangu."

Jumamosi ya Kimya ilitungwa na wakuu wa ligi baada ya baba mmoja kumkimbiza mwamuzi mpaka mwamuzi akapanda juu ya choo cha plastiki. Siku hiyo kila mzazi hupewa pipi ya kijiti getini, aitie kinywani na abaki nayo hadi filimbi ya mwisho. Mzazi akipiga kelele, mwanawe anatolewa nje, harudi tena. Wengine walipewa pipi moja moja. Duane alipewa mfuko mzima.

"Dalali," Terry Banks, baba wa kipa, alimnong'oneza Duane, "leo tumekununua kwa sukari."

"Subiri filimbi ya mwisho. Utanisikia na kaburini."

Halvorsen, mama mrefu mwenye miwani ya jua, alikuwa ameshakaa karibu na kibendera cha kona, kalamu mkononi.

Timu iliyotoka Cleveland ilianza kwa kasi. Mpira wa kwanza ulipoelekea kwa Greta, akageuza shingo. Baba yake alikuwa ameketi, mashavu yamevimba kama chura, kijiti kimechomoza mdomoni, hatoi hata mguno. Greta akasita. Mshambuliaji wa Cleveland hakusita. Bao.

Duane alisimama. Mishipa ya shingo ilimtoka minene kama kamba za kufungia ndama. Corinne alimsindilia pipi ya pili, na alipoona bado anapumua kwa vishindo, akamwongezea ya tatu. Wanaobisha wamuulize Terry: ile ya kwanza ilipasuka kwa mlio, na mshika kibendera akadhani kuna mtu amevunjika mguu.

Akaanza kutumia mikono. Alionyesha kushoto, akaonyesha kulia, akapunga kama anayepokea ndege. Greta alimtazama huku na mpira unampita kule. Mara mbili mwamba wa goli ndio uliowaokoa. Kule kwenye kona Halvorsen alifunga kalamu yake na kuitia mfukoni.

Duane aliiona ile kalamu ikizama, na ndipo pipi zote zilipogeuka chungu mdomoni. Nafasi ilikuwa inaondoka, na aliyekuwa akiisukuma ni yeye.

Kipindi cha pili kilipokaribia kuanza, Greta alimtafuta kwa macho kama kawaida. Duane akasimama, akakiinua kiti, akakigeuza, akaketi akitazama magari yaliyoegeshwa. Mgongo aliupa uwanja. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupepesa jicho mnada ukiendelea!

"We, umechizika?" Corinne alinong'ona kupitia kijiti.

Akatikisa kichwa tu, akaikalia mikono yake.

Kwa muda hakusikia kitu ila viatu na nyasi. Kisha mpira ukapigwa mrefu, na nyuma yake ikapasuka sauti:

"Wangu! Ninao mimi! Kushoto, Brynn, panda!"

Duane akashtuka. Akatazama huku na huku kuona ni mzazi gani huyo mpumbavu. Wazazi wote walikuwa kimya, vijiti midomoni.

"Msirudi nyuma! Simameni na mimi! Sasa, tokeni!"

Filimbi ililia: Cleveland wameotea. Ikalia tena: wameotea tena. Ile sauti ilizidi kupanda, ikipanga watu kama mtu anayepanga sahani zake mwenyewe, na vioo vya magari mbele ya Duane vikaanza kutetemeka. Machozi yalimtoka. Alilisingizia limau lililomo kwenye pipi.

Ghafla viti vikaanguka nyuma yake. Wazazi walikuwa wakirukaruka bila kutoa sauti, wanakumbatiana, wanapigana migongo. Corinne alimwinulia kidole kimoja cha kila mkono mbele ya uso: moja, moja, sare. Dakika za mwisho kona ikapigwa, akasikia "Niachieni mimi!", kisha kishindo cha kichwa na mpira, na Terry Banks akamdondokea mapajani, analia kimyakimya kama mtoto.

Filimbi ya mwisho. Duane akageuka. Kule kwenye kona Halvorsen alikuwa ameshasimama, kalamu imetoka, na anamfuata Greta, si kocha wake.

"Nafasi yangu ya mwisho nakupa wewe," alimwambia. "Unasemaje?"

"Anaku..." Duane, aliyekuwa ameshawafikia mbio, akafungua mdomo.

"Baba! Nimeulizwa mimi."

Duane akaufunga. Greta akajipangusa tope kwenye kidevu.

"Nina swali kwanza, Kocha. Kwenu nyuma kule, nani anayeongea? Beki wa kati au kipa?"

Halvorsen akacheka. "Msimu uliopita hakuongea mtu. Ndiyo maana tulifungwa kila wiki."

"Basi nakuja," Greta akasema, akamshika mkono, kisha akakimbilia wenzake, ambao walikuwa tayari wanambeba juu kabla hajawafikia.