Wageni wa Upande Gani?

Mwalimu wa chekechea na wifi yake, msusi wa nywele, walikuwa wamefika jijini asubuhi ile, na tayari vichwa vilikuwa vinawazunguka. Huku bahari inang'aa, kule mlima umesimama nyuma ya maghorofa, na msitu umeteremka mpaka kwenye maegesho ya magari. Barabarani kila kundi linalopita lina lugha yake.

"Wifi, nishike nisije nikapaa," alisema mwalimu.

"Utapaa sasa hivi," msusi akamjibu, akamsukumia ndani ya kibanda cha kioo kilichoning'inia kwenye waya.

Kibanda kikaondoka, roho ya mwalimu ikabaki chini. Miti ikapita chini ya nyayo zao, tumbili wakiwakodolea macho, naye akashikwa na kicheko cha woga kisichotaka kukoma. Alipotulia ndipo akaona abiria wenzao wote wamevaa suti na magauni ya kumeta, na bibi mmoja amepakata keki.

Juu kileleni wakavishwa maua. Kumbe harusi! Bwana harusi alitoka ng'ambo, bibi harusi mzaliwa wa pale pale, na ndugu wa pande mbili hawajajuana bado. Wa upande huu walidhani mawifi hawa wawili ni wageni wa upande ule, wa upande ule wakadhani ni wa huku.

"Tuondoke," mwalimu alinong'ona.

"Na keki nimeshaipokea?" msusi akamjibu.

Muziki ulipopamba moto, aibu ikamtoka mwalimu. Mjomba wa bwana harusi alimzungusha, kiatu kikamchomoka, kikaruka, kikatua juu ya zawadi. Bibi harusi akamletea.

"Mama, wewe ni wa upande gani?"

Mwalimu akatamani ardhi immeze. "Hata mmoja, mwanangu. Tulipanda kuangalia bahari tu. Tusamehe."

Bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Akamtafsiria mumewe, mume akamtafsiria mjomba, mjomba akawatangazia wote. Vigelegele!

"Basi kuanzia leo nyinyi ni wa pande zote," bibi harusi akasema, naye msusi akawa ameshamketisha anamfuta wanja.

Kwenye picha ya ukoo waliwekwa katikati. Ghafla ukungu ukapanda kutoka msituni ukawafunika wote.

"Msicheke, jamani, tulieni!" mpiga picha alilia humo ukunguni.

Nani angetulia? Mwalimu alikuwa amemwegemea mjomba wa watu, mbavu hana.