Haja ya Sheikh Thuwaini

Mahrous bin Soud alizaliwa Wete, Pemba, lakini ukimuuliza yeye alikuwa mtoto wa Nizwa, Oman, tena wa nyuma ya ngome kabisa. Ndivyo alivyoandika kwenye fomu ya benki alipoomba kazi mwaka sabini na tatu, na siku zile nani angembishia? Vyeti vya kuzaliwa hakuwa navyo mtu. Ulizaliwa pale waliposema mashahidi wako wawili. Mahrous aliwapata mashahidi, na kazi akaipata.

Miaka minane baadaye alikuwa naibu meneja. Meneja mwenyewe, Mwingereza, alikuwa anafunga mizigo, na wakubwa wa benki walishasema safari hii wanamtaka mtu wa hapa hapa, maana matajiri wa tende hawamwamini mtu wasiyemjua babu yake. Mahrous alikitaka kile kiti mpaka kikamkosesha usingizi. Alikuwa amejifundisha Kiarabu cha Nizwa, kufunga kilemba, kumimina kahawa kwa mkono wa kushoto na kutoa finjani kwa wa kulia, na kuitikisa anapotosheka. Kiswahili alikiacha nyumbani, na hata huko alikisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetukana.

Basi Alkhamisi moja baada ya alasiri, gari la Sheikh Thuwaini likasimama mlangoni pake. Sheikh Thuwaini wa Ibra alikuwa mjumbe wa bodi ya benki, na ndiye aliyepewa kazi ya kumchagua meneja mpya. Alikuja bila ya kutoa habari, yeye na dereva wake tu. Mahrous aliruka kwa furaha, akakimbilia ndani.

"Mama, nakuomba," alimwambia Bi Ghaniya, "kisitoke Kiswahili huku ndani. Hata neno moja usifungue mdomo. Huyu ndiye mwenye kiti changu."

"Haya, mwanangu," akasema Bi Ghaniya.

Mdogo wa Mahrous, Shukriya, aliyekuwa nesi kule Ibra na siku hizo yuko likizo, alikuwa amekaa mkekani uso umemwiva. Mahrous hakumwona. Macho yake siku hiyo yalikuwa yanaona sheikh tu.

Mgeni akaonja halua, akanawa vidole. Mahrous akammiminia kahawa. Sheikh akaipokea finjani, lakini hakuinywa. Akaiweka juu ya zulia mbele yake, akainamisha macho.

Mahrous akazungumza peke yake. Akasema habari za mvua, habari za maji ya falaji, ile mifereji ya mashambani, bei ya tende. Sheikh akaitikia maneno mawili matatu. Kahawa ikapoa pale pale, na Mahrous akaona aibu, mgeni mkubwa namna ile na kahawa baridi mbele yake. Akaichukua finjani kwa heshima zote, akaimwaga kwenye bakuli.

"Niwie radhi, sheikh, imepoa. Nikutilie nyingine?"

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka. Sheikh Thuwaini akamtazama kitambo.

"La, ya waladi, mwanangu. Imenitosha."

Akainuka, akashukuru kwa halua, akatoka. Mahrous akamsindikiza mpaka garini, akarudi anajichekea kwa jinsi alivyomkirimu vizuri. Akamkuta mama yake kasimama katikati ya sebule, na Shukriya kajifunika uso kwa kanga analia.

"Umemfukuza," akasema Bi Ghaniya.

"Nani kamfukuza?"

"Wewe. Mgeni akiweka kahawa chini asiinywe, ana haja. Hapo mwenye nyumba humwambia, kunywa kahawa yako, haja yako ushaipata. Kwa marehemu baba yangu kule Wete wazee waliotoka huku wakija wakiweka finjani hivyo hivyo. Wewe umeimwaga mbele ya macho yake. Ushamwambia hapana, tena hapana ya matusi."

"Haja gani aliyokuwa nayo?"

"Kaja kumposea mwanawe, Nadhir. Yeye na Shukriya wanataka kuoana mwaka mzima huu. Mie nikaona si adabu kukwambia kabla ya wenyewe kusema."

"Sasa mbona hukuniita, mama?"

"Ulinikataza kufungua mdomo."

Miaka minane alikuwa akiiangalia mikono ya watu ili aige, na hakupata kumwona hata mmoja akiiweka finjani chini. Watu aliokaa nao yeye, wakiwa na haja, waliandika barua ya maombi. Akazikamata funguo za gari, akatoka mbio.

Alimkuta sheikh mji wa Izki, njia ya Ibra, kwenye kituo cha petroli. Akambusu bega.

"Sheikh, ile kahawa—"

"Usijisumbue," akasema Sheikh Thuwaini, wala hakuwa na hasira. "Nilikuja na mambo mawili. Haja yangu niliitanguliza kusudi, nisije nikamnunua dada yako kwa cheo. Umenijibu, na ni haki yako. La pili ni hili."

Akampa bahasha yenye muhuri wa benki.

"Tuliandika Jumanne. Meneja ni wewe. Njiani nilijiuliza, pengine hakujua maana ya finjani. Halafu nikasema, mtoto wa Nizwa atakosaje kujua? Au nimekosea?"

Akamngoja. Jibu lilikuwa dogo: nimezaliwa Pemba, sheikh, sikujua. Kwa maneno hayo machache Shukriya angepata mume, na bahasha ingerudi ilikotoka, fomu ya uongo ingejulikana, na kazi yenyewe ingepotea.

"Hukukosea, sheikh," ikasema sauti, na Mahrous akashtuka kusikia kuwa ni yake.

Jua lilikuwa linazama aliporudi. Shukriya alikuwa mlangoni, hana hata viatu.

"Umemkuta?"

"Sikumkuta."

"Basi si neno," akasema Bi Ghaniya, na akamfuta Shukriya machozi kwa ncha ya kanga. "Kesho asubuhi tutakwenda sisi wenyewe Ibra. Nitamwambia, mwanangu kazaliwa Pemba, mila za huku hazijui, msamehe. Mtu mzima yule, atafahamu."

Shukriya akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akaingia ndani kutafuta baibui la kuvaa.

"Hamwendi pahala," akasema Mahrous.

Mkono wake ulikuwa umeibana bahasha mfukoni, muhuri wa benki unachungulia. Shukriya akageuka, kicheko bado hakijamtoka usoni. Bi Ghaniya akautazama ule mfuko, kisha akamtazama mwanawe usoni, na Mahrous akaona kuwa mama yake ameshajua kwamba sheikh alimkuta.