Ufunguo wa Ghorofa ya Pili

Jumamosi asubuhi, fundi saa akiwa anapiga mswaki, ufunguo wa jirani wa ghorofa ya pili ulishuka ngazi, ukapenya chini ya mlango wake, ukaburuzika sakafuni mpaka ukagota kwenye kidole chake cha mguu. Fundi aliubandua, akaufuta vumbi, akautia kwenye beseni pamoja na vijiko viwili vya mama mapacha, hereni moja, msumari usio na mwenyewe na mkasi wa kinyozi. Beseni lilikuwa la plastiki. La bati halikutulia. Lilimfuata mpaka bafuni.

Kinyozi ndiye aliyetangulia kufika, kama kawaida yake, amemwacha mteja kitini na nywele za upande mmoja.

"Hodi, Bi Sumaku."

"Karibu, pita ukae."

"Nikae wapi, nina kichwa cha mtu kule chini!"

Alichukua mkasi wake, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akacheka mwenyewe, akaondoka.

Zamani beseni lilikaa mlangoni. Fundi aliona watu wanainama, wanachukua chao, wanakwenda zao, hata salamu hawamalizi. Akalisogeza mezani. Baadaye akalipeleka jikoni, nyuma ya ndoo ya maji, ili mtu alazimike kupita sebuleni na kuviona viti. Watu waliizoea njia, wakawa wanapita sebuleni kama wanaokatiza uwanja wa mtu. Hakuna aliyeuliza kwa nini vitu vyao vinamfuata. Vinamfuata, basi.

Sababu ilikuwa damu. Alizaliwa na damu isiyodumu, inayovunjika kabla haijafanya kazi yake, na tangu utotoni alitundikiwa ya watu wengine, mfuko baada ya mfuko. Damu za watu zilikuja na chuma, na chuma kikishaingia mwilini hakijui pa kutokea. Kilijaa kwenye ini kwanza. Kisha sindano zikaanza kumgeukia, na saa za mkono zikawa zinasimama kila anapozishika. Baba yake, aliyemrithisha meza na vifaa, alikufa akiamini binti yake hajui kazi.

"Sasa kimeanza kuingia kwenye moyo," daktari alimwambia, macho yakiwa kwenye majibu ya vipimo. "Kikizidi, moyo utagoma. Utayeyusha vidonge hivi kwenye maji, kila jioni, maisha yako yote. Vitakitoa. Kichefuchefu utakisikia, uvumilie."

"Dada yangu ananiletea dawa ya mizizi."

"Mimi sijui ndani yake kuna nini, na wewe hujui. Usichanganye. Chagua moja."

Saa ya daktari ilikuwa imesimama. Aliitikisa, akaiweka sikioni, akaita mgonjwa mwingine.

Dada yake mkubwa aliuza vitambaa upande wa pili wa mji. Alikuja kila Jumamosi na chupa ya dawa nyeusi, chungu kama nyongo. Tabibu aliyeitengeneza alikuwa ameweka sharti kwamba mgonjwa asimamiwe mpaka amalize, na dada hakuwa mtu wa kuvunja masharti. Kwa hiyo fundi aliinywa taratibu, funda dogo dogo, huku dada akisimulia habari za wateja wake, mume wake na magoti yake. Dawa haikuzuia hata pini moja. Lakini chupa ilipoisha dada alisimama na kuaga, na hapo ndipo fundi aliposikia uchungu wenyewe.

"Dada, nataka nijaribu vya hospitali," alisema Jumamosi ile.

Dada aliiweka chupa chini. "Si ndio hao waliokujaza chuma?"

"Ndio hao. Bila wao ningekufa sijaota meno."

"Haya. Mshika mawili, moja humponyoka, mdogo wangu. Kama umechagua vidonge, basi vidonge ndivyo vitakavyokutembelea."

"Wewe njoo tu. Njoo bila dawa."

Dada alimtazama kama mtu aliyealikwa arusi isiyo na bwana wala bibi. "Nije kufanya nini?" aliuliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa.

Vidonge vilifanya kazi. Misumari ndiyo iliyokoma kwanza, kisha vijiko, kisha funguo. Fundi alitapika asubuhi na kupata nguvu mchana, akapanda ngazi bila kupumzika. Saa zilianza kutembea mikononi mwake. Wateja walirudisha kazi, wakaziacha kwa kinyozi pale chini ili wasihangaike kupanda, na meza ikajaa saa, zote nzima, zote zinatembea. Daktari alifurahia namba za vipimo. Kinyozi alimaliza vichwa vya watu kwa raha zake. Dada alituma ujumbe wa simu kuuliza kama vidonge vinamtosha, na hakuja.

Ghorofa ya juu kabisa aliishi mzee mwenye chuma kwenye paja tangu alipovunjika. Miaka yote, akifika usawa wa mlango wa fundi, mguu ulikuwa ukimvuta kwenda huko, naye alishika ukuta kwa mikono miwili na kujikokota mpaka apite. Fundi alikuwa amezoea kusikia kucha zake zikikwaruza ukuta. Jioni moja alifungua mlango makusudi, akasimama kizingitini. Mzee alipita wima, hakushika kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi ngazi zimekuwa nyepesi!" mzee alisema, ana furaha usoni, akapanda zake.

Fundi alirudi ndani, akakaa katikati ya saa zake. Zilikuwa zinasikika zote. Upweke ulimkaba, akalia, akanawa uso. Alipoyeyusha dawa ya jioni alikunywa nusu, maana hakutaka kufa. Nusu nyingine aliimwaga kwenye sinki.

Baada ya muda pini ya kwanza ilirudi, hereni ikaifuata. Saa za mezani zilianza kuchelewa, kisha zikasimama moja moja, wenyewe wakaja kuzichukua kwa kinyozi huku wakinung'unika. Daktari aliona chuma kimepanda, akaongeza vidonge. Hakuuliza kitu, na fundi hakusema kitu. Alirudi nyumbani akaendelea kuigawa dawa nusu kwa nusu. Moyo wake sasa ulienda mbio kwenye ngazi, akawa anakaa katikati kupumzika, na mzee wa juu akipita hapo alishika ukuta.

Ufunguo wa ghorofa ya pili ulikuja siku ya mvua. Fundi hakuupeleka jikoni. Aliuacha kiganjani, akachemsha maji, akangoja. Jirani mwenyewe, mama asiyekosa haraka, alichungulia mlangoni na mwavuli umekwisha kufunguliwa.

"Ni huo? Nirushie tu, jirani."

Fundi alinyoosha mkono, akaugeuza chini. Ufunguo haukuanguka.

"Haubanduki," alisema.

Jirani aliweka mwavuli chini, akaingia. Alimshika fundi kiganja kwa mkono mmoja, akavuta kwa mwingine. Mkono wake ulikuwa wa moto na ulinukia sabuni. Fundi alitulia tuli.

"Mbona baridi hivi, jamani? Unaumwa?"

"Kidogo. Maji yamechemka, kaa unywe chai."

Ufunguo ulibanduka. "Siku nyingine, mwenzangu, nachelewa," jirani alisema, naye alishaokota mwavuli. Mlango aliurudisha taratibu, asimsumbue.

Fundi alibaki amenyoosha mkono. Meno ya ufunguo yalikuwa yameacha alama kiganjani, na juu yake alama za vidole vya jirani. Alizitazama mpaka zikafutika zote. Kisha akayeyusha dawa ya jioni, akanywa nusu.