Marehemu Alicheka Tangu Alhamisi

Tabby alikuwa akiipiga pasi suti ya mumewe sebuleni, nyumbani kwao Merigi, simu ilipolia. Ilikuwa mochari ya mjini Bomet. Mhudumu, mama mmoja mpole aitwaye Metrine, alimpa pole kwanza, akauliza kama watu wa nyumbani wameamka vyema, kisha akaeleza shida yake.

"Mama Eugene, huyu mzee wenu anacheka. Tangu jana, Alhamisi. Sisi hatuna neno, lakini kuna familia zingine zinakuja hapa kulia, zinashindwa."

"Anacheka kwa nguvu?"

"Anatulia kidogo, halafu anaanza tena. Kama inawezekana, mumchukue mapema."

Tabby alisema watakuja kesho asubuhi, akaigeuza suruali upande wa pili, akaendelea na pasi. Katika ndoa yao yote, Muriuki hakuwahi kucheka kwa furaha. Akifurahi alinyamaza na kupapasa masharubu. Alicheka akiogopa. Alicheka ng'ombe wao alipotumbukia kwenye shimo la choo, alicheka daktari alipowaambia kwamba mtoto wao wa kwanza hakupumua, na kwa hilo la pili wakwe zake walimnunia miaka mingi. Wiki chache zilizopita, wakila githeri, alimwambia Tabby kwamba vali ya usalama ya boila kule kwenye kiwanda cha chai alikofanya kazi, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, imefungwa kwa waya ili mvuke usipotee bure na chai ikauke haraka, na yeye ndiye anayekaa chini yake mchana kutwa. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha bomba la mvuke likapasuka, likamuua.

Kwa hiyo jambo lililomchanganya Tabby lilikuwa moja tu. Mtu aliyekwisha kufa anaogopa nini tena?

Jioni ile kamati ya mazishi ilikaa. Mwenyekiti alikuwa Naftaly, mdogo wake marehemu, mtu anayependa mambo yaende kwa mpango. Kuna waliopendekeza kwaya iimbe kwa sauti ya juu ili kumfunika. Naftaly akakataa.

"Tukikosa kuiweka kwa programu, itatuharibia programu," alisema.

Basi ikaandikwa, kati ya salamu za majirani na mahubiri: Kicheko, Marehemu. Dakika tano.

Siku ya mazishi watu walijaa chini ya mahema, kando ya shamba la chai. Nafasi ya kicheko ilipofika, kila mtu alinyamaza kwa heshima na kuliangalia jeneza. Halikutoa sauti. Naftaly alitazama saa yake mara kadhaa, akashika maikrofoni.

"Marehemu amepitisha nafasi yake. Tuendelee."

Baada ya mahubiri akasimama meneja wa kiwanda. Alimsifu Muriuki kwa bidii, akasema ajali ni mipango ya Mungu na kwamba bomba limeshatengenezwa. Jeneza likakaa kimya. Kisha akafikia lile lililokuwa likingojewa na kila mtu, maana kiwanda kile kina desturi yake: mfanyakazi akifia kazini, nafasi yake haitoki nyumbani kwake, hupewa mwanawe, na hutangazwa kaburini.

"Eugene, simama watu wakuone. Jina lako tulilipitisha ile Alhamisi. Jumatatu uripoti boila."

Hapo ndipo Muriuki alipocheka. Alicheka mpaka shada la maua likaanguka na waliobeba picha yake wakarudi hatua nyuma kumpa nafasi. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchungaji akainua mikono akasema baba amembariki mwanawe, na Chepkemoi, jirani yao wa miaka mingi, akajifuta machozi ya furaha.

Tabby akainuka, akaichukua maikrofoni.

"Hiyo si baraka. Huyo mtu anaogopa. Mimi ndiye bibi yake, namjua." Akamgeukia meneja. "Ile waya imetolewa?"

"Mama, mambo ya ufundi tuongee ofisini. Leo ni siku ya mzee."

Naftaly alimpokonya maikrofoni polepole. "Shemeji amechoka. Mleteeni maji."

Aliletewa maji, akayanywa. Eugene, aliyekuwa amekaa nyumbani tangu amalize shule, alimwinamia sikioni.

"Mami, si umemsikia Baba mwenyewe? Kazi kama hii watu wanailia."

Tabby aliwatazama wale watu wote waliokuwa wakitabasamu, akaanza kujishuku. Pengine kifo humbadilisha mtu. Pengine Muriuki amejifunza furaha huko aliko. Alitamani sana iwe hivyo. Lakini kicheko kilikuwa kilekile cha siku ya daktari, na kiliendelea hata udongo ulipokuwa ukimwagwa juu yake.

Jumatatu Eugene akaenda kazini. Tangu siku hiyo kaburi hucheka tangu anapotoka nyumbani mpaka anaporudi, na majirani wamezoea. Chepkemoi huwaambia wageni kwamba mzee anajivunia kijana wake. Tabby hutoka na kiti chake cha plastiki, akaketi kando ya kaburi akichambua mboga.

"Najua, Baba Eugene," humwambia. "Nimemwambia. Hasikii."

Alasiri moja alishindwa kuvumilia, akafunga chakula akaenda mpaka kiwandani. Langoni alimkuta Johana, mlinzi, aliyemsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei, Mama Eugene!"

"Niitie kijana wangu."

"Hawezi acha boila saa hii, Mama, presha iko juu. Lakini usijali, kijana yako iko sawa kabisa. Kwanza alikuwa anakaa tu kimya kimya, tukasema huyu hatamaliza wiki. Saa hii amezoea."

"Amezoea vipi?"

Johana alielekeza kidole kwenye ukuta wa boila. Nyuma yake, juu ya mngurumo wa mvuke, Eugene alikuwa akicheka. Walinzi wengine wakaanza kucheka pamoja naye, kwa sababu kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza.