Flashi Isiyopotea Tena

Umeme wa Kamachumu haukawii kukatika, lakini mzee Lameki hakuwahi kuulaani. Sababu aliijua mwenyewe.

Tangu amzike mkewe Edvina kibanjani, katikati ya migomba yao, alikaa peke yake akiandika nyimbo za kwaya ya usharika kwenye kompyuta aliyonunuliwa na bintiye Lilian, aliyeko Bukoba mjini. Betri ilikuwa imechoka. Umeme ukikatika kompyuta inalala, na tundu la flashi linakosa moto. Ikiamka inang'ang'ania kwamba flashi imechomolewa, nayo ipo palepale! Wimbo unagoma kuhifadhiwa. Basi mzee anapiga simu.

"Kasinge, Tata," Lilian anamwamkia baba yake kwa Kihaya. "Imepotea tena?"

"Imepotea, mama."

Lilian anamwelekeza, na katikati ya maelekezo anauliza kama migomba imepata mvua, kama amekula. Siku nyingine anacheka. Kicheko hicho kilimtosha mzee wiki nzima.

Kumbe binti alikuwa amechoka. Alipokuja Pasaka aliiinamia kompyuta mchana kutwa, akairekebisha: ikiamka, flashi itakayoikuta tunduni iichukulie kuwa ni ileile, iendelee nayo. "Ila usiichomoe ikiwa imelala, Tata. Utaharibu vyote vilivyomo." Akarudi zake mjini.

Ikafanya kazi, tena vizuri mno. Umeme ulikatika, ukarudi, wimbo ukaendelea ulipoishia. Ukakatika tena, ukarudi. Simu ikanyamaza mezani, kando ya kahawa ya kutafuna aliyowawekea wageni, sasa imekauka kabisa. Utasema si angepiga tu? Apige aseme nini? Kwamba ana upweke? Mzee mzima wa Kihaya, mvi kichwa kizima, amlilie mtoto! Hilo hakuliweza.

Alhamisi umeme ulikatika akiwa katikati ya ubeti. Akaitazama kompyuta mpaka ikalala. Nyimbo zote za kwaya zilikuwa ndani ya flashi ile, na onyo la binti alilikumbuka vizuri. Akanyoosha mkono, akaichomoa. Umeme uliporudi, akapiga.

"Kasinge, Tata. Kuna nini?"

"Imepotea tena."

"Haiwezi kupotea, kwa nilivyoiweka. Labda mtu ameichomoa. Uko na nani hapo?"

Lameki aliifumbata flashi kiganjani.

"Hakuna mtu, mama," alisema. "Hapa hakuna mtu kabisa."